Jicho Lisilopata Stesheni

Tangu utoto sijui kutulia, na fundi wa redio asiyejua kutulia ni hasara tupu. Nikifungua kifaa naangusha skrubu, nikimimina chai naisahau mpaka inzi waioge. Mama yangu, Halima, husema nilizaliwa nimesimama. Lakini hapa Kindu, kuanzia bandarini mpaka stesheni ya treni, mwenye redio ya zamani, ile ya mbao yenye taa za kioo ndani, hana pa kuipeleka ila kwangu. Marehemu mzee Hamidou alinifundisha mimi peke yangu. Wengine wote ni mafundi wa simu.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Mama Odette alisimama mbele ya kibanda changu, redio iko kichwani, imefungwa ndani ya kikwembe, yaani kitenge.

Huyu ni jirani yetu, lupango lao na letu, yaani viwanja vya nyumba, vimegawanywa na ua wa mianzi tu, na kwa miaka ishirini na mitano hatukupeana salamu. Mumewe, Okito, alizikwa kiangazi kilichopita. Hatukwenda kumzika. Mtaa mzima haukwenda. Walikwenda watu wa kanisa lake na wazee wawili wa reli, basi.

"Jambo, Kasimu," alisema, kana kwamba tuliagana jana.

Sikurudisha jambo. Nilisema, "Weka hapa."

Aliishusha polepole, akaifungua. "Jicho yake imekuwa hafifu. Jumamosi tunamaliza kilio ya muzee, ndugu zake wanatoka Kibombo. Nataka siku ile redio ikae pa meza, na jicho iwake vile alikuwa anapenda. Utaweza?"

Nilipaswa kumwambia aende zake. Nikasema ndiyo, na niseme ukweli wangu: nilisema ndiyo kwa ubaya. Redio ile nilitamani kuipasua tangu nina miaka tisa.

Wakati wa vita ya pili ya hapa kwetu, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na misitu yote ya kando ilikuwa ya Mai-Mai, wapiganaji waliowapinga. Treni haikuja tena. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Baba yangu, Moussa, alikuwa karani wa bandari, na bandari ilipokosa kazi akaanza kuvusha chumvi na sabuni kwa mtumbwi, kuwapelekea watu wa ng'ambo ya Lualaba. Askari waliita hiyo kazi ya kulisha adui. Alhamisi moja baba hakurudi nyumbani. Ijumaa askari walikuja moja kwa moja kwetu, wakageuza vitanda, wakamwaga mchele wetu chini, wakaondoka. Barabarani tuliokota kiatu chake kimoja.

Na wiki ileile, nyumbani kwa Okito, redio ilianza kunguruma. Si nyimbo, si habari. Ni shaaa tu, tangu alfajiri mpaka watu wanalala, siku baada ya siku. Umeme tulikuwa nao, maana laini iliyolisha nyumba za makamanda ilipita mtaani kwetu. Okito alikuwa mtu wa telegrafu ya reli. Siku hizo kitu kilichoogopwa kuliko bunduki ni foni, ile redio ya kusema na kusikia ambayo kwayo jina lako hufika kwa wakubwa kabla wewe hujafika kwako. Mtu wa telegrafu, ana mashine inayokoroma kutwa, na jirani yake amepotea. Nani alihitaji kuelezwa? Mtaa ulikata shauri: Okito amepewa foni, na aliilipia kwa kichwa cha Moussa.

Mama hakungoja ushahidi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alisimama pale uani, mikono kiunoni, akamtukana Okito kupitia mianzi. Mama yangu ana kipaji. Wanawake walikuwa wanasimamisha michi ili wasikie vizuri. Sisi watoto tulirusha mawe juu ya bati lake tukiimba, "Foni! Foni!" Jiwe langu moja lilitoboa bati, nikatembea kama jenerali wiki nzima.

Okito hakujibu hata siku moja. Tukasema, mkosaji hana mdomo.

Basi Mama Odette alipogeuka tu, nikachukua bisibisi.

Niliitoa redio kwenye sanduku lake kwa pupa mpaka nikajikata kidole. Nilitafuta mahali pa kuunganisha kipaza sauti. Nilitafuta koili nene, waya wa ziada, tundu lililotobolewa kwa mkono, risasi ya kulehemu iliyowekwa na mtu wa hapa. Nilijua nitampelekea mama kile kipande mkononi. Nitamwambia: shika, hii ndiyo iliyomuuza baba.

Hapakuwa na kitu. Vumbi, mayai ya mende, na kazi ya kiwandani tupu. Redio ile tangu itoke kiwandani haikuguswa na fundi. Ilikuwa redio ya kusikilizia, haikuweza kutuma hata kikohozi.

Nilizunguka kibanda mara tatu. Niliudhika, ndiyo, niliudhika kwa kukosa ushahidi wa kifo cha baba yangu mwenyewe. Sijui kama kuna upumbavu zaidi ya huo. Halafu nikajiambia, basi alikuwa na nyingine, foni yenyewe alikuwa ameificha. Nikakaa kutengeneza jicho, maana nilishasema ndiyo.

Jicho la redio ni taa ndogo inayochungulia kwenye uso wa redio na kuwaka kijani. Kijani hicho kina mabawa mawili na giza katikati. Redio ikiwa haijapata stesheni, giza ni pana. Ukizungusha kitufe ukaikamata stesheni yenye nguvu, mabawa yanasogeleana mpaka yanagusana, nawe unajua umefika. La Okito lilikuwa limefifia, na tena lilikuwa halisogei.

Nilianza mahali Hamidou alipofundisha kuanza. Nilipima umeme unaopasha taa: sawa. Nilipima ule mkubwa wa kuwasha kijani: sawa. Nilipima rezistansi ndogo iliyo chini ya kikalio cha jicho, ile inayokufa kwanza kwenye redio zote za umri huu, nikakuta imepanda mara tatu ya kipimo chake. Nikacheka peke yangu. Nikaitoa, nikalehemu nyingine. Nikachukua kisanduku cha Hamidou kinachotoa ishara, ambacho mezani kinafanya kazi ya stesheni, nikakiunganisha na kuzungusha kitufe.

Mabawa yakasogea. Yakaja katikati, yakagusana. Na hapo nikaacha kucheka.

Katikati, pale ambapo giza lilikuwa, palikuwa na ukanda wa kijani kikali, kibichi, kama jicho limetoka dukani leo. Pande zote mbili za ukanda ule kijani kilikuwa kimekufa, rangi ya chai iliyochemshwa mara ya tatu. Na mpaka kati ya kizima na kilichokufa ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa wembe.

Hamidou alikuwa akinigonga kichwa kwa kijiti ili nishike jambo hili: jicho huchakaa pale linapowaka. Penye kivuli hubaki jipya. Mtu anayesikiliza nyimbo na habari hukaa kwenye stesheni, mabawa yamesogeleana, kwa hiyo jicho lake huchakaa lote. Mtu anayefukuzia stesheni za mbali, mabawa yake hayatulii, maana stesheni ya mbali inapumua, inakuja na kurudi, na mpaka unakuwa na ukungu. Jicho hili halikuwa la huyu wala la yule. Hili liliwaka maelfu ya saa, giza liko wazi kabisa, bila kutikisika. Wala si rezistansi: ingekuwa hiyo, giza lingehama kadiri inavyopanda, na mpaka usingenyooka. Mwenye redio aliiweka makusudi mahali pasipo na mtu anayesema, akaiacha.

Mtu wa foni anangojea sauti. Okito hakungojea sauti yoyote. Alitaka kelele tu. Kelele ya kufunika nini?

Chai ilipoa, mteja aliniita mara mbili. Nikaona siwezi kungoja. Nikafunga kibanda saa sita mchana, jua kali, nikaenda kwa Mama Odette kwa miguu, karibu nikimbie. Nilipita mlango wa kwetu bila kuutazama.

Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mhogo. Nilisimama mlangoni mwa lupango lake kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Hata hodi nilisahau.

"Mama Odette, wakati wa vita, redio ilikuwa inanguruma bila stesheni. Kwa nini?"

Mchi ulibaki juu. "Nani alikuambia hakukuwa stesheni?"

"Jicho."

Aliuweka mchi chini, akakaa juu ya kinu kilichovunjika. Alinitazama mpaka nikataka kukimbia.

"Muzee alikufa akisema hakuna muntu atajua," alisema. "Kumbe iliandikwa mule ndani. Ikala chini, Kasimu. Kwanza ikala."

Sikuweza kukaa. Nilishika nguzo ya baraza. Naye akaanza, bila kunitazama, kama anaongea na majani ya sombe.

"Baba yako alikuja ile Alhamisi kwa mulango ya nyuma, kiatu moja pa muguu, ingine iko mbali. Muzee hakumuuliza kitu. Alimuweka mu chumba ya magunia. Lakini ulijua kikohozi ya baba yako, ile ya vumbi ya muchele ya bandari? Ilikuwa inamushika kila saa. Na askari wanapita hapa, hapa, mbele ya dirisha. Njo pale muzee akawasha redio. Alijaribu nyimbo. Akasema, nyimbo inakwisha, muntu wa habari anapumuzika, na pale baba Kasimu atakohoa. Lakini shaaa hainyamaze. Akaiweka pa shaaa. Miezi saba."

"Miezi saba," nilisema. "Hatua thelathini kutoka kwetu. Na hamkutuambia!"

Nilipiga kelele, nakiri. Jirani mmoja alichungulia.

"Tulitaka kumuambia mama yako," alisema Mama Odette. "Siku ya tano tu. Lakini asubuhi ile akasimama pa lupango, akaanza kutukana. Baba yako akamushika muzee mukono. Akasema, 'Mumuache. Nani atatafuta bwana ya Halima mu nyumba yenye Halima anatukana?' Na ilikuwa kweli. Nyumba zote za mutaa huu waliingia kupekua, hata ya pasteri. Yetu hapana. Matusi ya mama yako njo ilikuwa kufuli ya mulango yetu."

Niligeuka nikautazama ule ua wa mianzi.

"Na alikuwa anacheka! Anajiziba kinywa na kitambaa, anacheka mpaka machozi. Mangaribi anaturudilia yote, neno kwa neno, na sauti ya mama yako. Ile alipenda zaidi ilikuwa ile ya sikio." Mama Odette alitabasamu, halafu akaacha. "Muzee hakucheka. Kwake iliuma. Lakini alikaa kimya."

Niliuliza kitu ambacho sikutaka jibu lake. "Na mawe yetu?"

"Ile yenye ilitoboa bati? Ilianguka karibu na mukeka yake. Aliishika siku muzima. Akasema, 'Mukono ya Kasimu imepata nguvu.' Akaenda nayo mufukoni."

Hapo nilikaa. Chini, mavumbini, na shati langu safi. Sioni haya kusema nililia, kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu.

Alinieleza mwisho wa miezi ile saba. Kamanda mmoja alitaka chumba katika nyumba ile. Hapakuwa na muda. Walimvalisha baba kikwembe cha Mama Odette, kitambaa kichwani, beseni la sombe juu, wakatoka asubuhi, yeye na Mama Odette, kama wanawake wawili wanaokwenda mtoni. Mama yangu alikuwa uani, nyuma ya mianzi, kazini.

"Siku ile alitukana kupita siku zote. Baba yako akasimama kidogo kusikiliza. Njo nikamuvuta."

Alipanda mtumbwi kwenda upande wa barabara ya Lubutu. Aliahidi kutuma neno. Halikuja neno. Vita ilipokwisha, Okito alivuka, akauliza wavuvi, akaenda mpaka Lubutu kwa baiskeli, akarudi na malaria tu.

"Lakini baada ya vita," nilisema, "kwa nini mlikaa kimya? Miaka yote hii! Watu wanawatemea mate!"

"Muzee alisema, 'Moussa akirudi, atawaambia mwenyewe. Miye nikisema bila yeye, watasema Okito anajiosha.' Nani angemuamini? Wewe ungemuamini?"

Alinyanyuka. Akarudi kwenye sombe yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kumwambia mama, na ile iliniogopesha kuliko zote. Jioni nilibeba redio mpaka nyumbani, nikaiweka juu ya meza ya chakula. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Ana miaka sabini na moja, na hasira zake bado zina meno yote.

"Uchafu ile inafanya nini kwangu?"

Nilimweleza yote bila kupumua. Aliendelea kuchagua mchele. Nilipomaliza alisema, "Wanajiosha. Bwana amekufa, sasa bibi anatafuta watu ya kukula wali ya kilio."

"Mama, hakuniambia yeye kwanza. Nimeliona mimi. Tazama."

Nikaiwasha. Nikaunganisha kisanduku cha Hamidou, nikazungusha kitufe, mabawa yakaja, ule ukanda mbichi ukawaka katikati ya kijani kilichokufa. Nikamweleza kama Hamidou alivyonieleza mimi. Kisha nikatoa waya, na chumba kikajaa shaaa.

Mama aliacha mchele.

"Mama, miezi saba ulisimama pale kila asubuhi. Ulisikia neno hata moja? Sauti ya mtu? Jina?"

Aliinamisha sikio kwenye redio. "Hapana," alisema. "Neno, hapana." Halafu, taratibu, "Siku moja nilisikia kikohozi. Nilisema, Mungu amulipe, Okito naye apate kifua kama ya Moussa."

Ungo ulianguka. Mchele ulitapakaa kila mahali, na safari hii hakuna askari aliyeumwaga. Niliinama kuuokota ili nipate cha kufanya na mikono yangu. Mama alinyoosha kidole akagusa kioo cha jicho, kwenye ule ukanda wa katikati.

"Alisema alipenda gani?" aliuliza. "Kati ya matusi."

"Ile ya sikio."

Alizima redio mwenyewe, akaenda kulala.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama mlangoni mwa msikiti nikawasimulia watu wa mtaa. Wengine walishika vichwa. Wengine walisonya, wakasema Kasimu amelishwa kitu. Jicho jipya nilikuwa nalo, lilitoka kwenye redio ya misioni, nimelitunza miaka sita ndani ya pamba. Nilimwuliza Mama Odette kama nilitie.

"Hii ya zamani utaipeleka wapi?"

"Popote utakapotaka."

"Basi ibaki pale pale. Hata kama haiwake vizuri."

Jumamosi asubuhi ndugu wa Kibombo walikuwa wameketi chini ya turubai, redio mezani juu ya kitambaa cheupe, shaaa kidogo kidogo. Watu wa mtaa walisimama nje ya mlango. Hawaingii, hawaondoki. Mimi nilikuwa natembea huku na huku uani kwetu kama kuku anayetafuta pa kutagia, maana mama alikuwa amejifungia chumbani tangu alfajiri.

Kisha akatoka. Amevaa kikwembe chake cha Idi. Hakwenda mlangoni. Alikwenda pale pale uani, mbele ya mianzi, akaweka mikono kiunoni. Nilitaka kumzuia. Sikuwahi.

"We Okito!" Sauti ilitoka na mikwaruzo, haikutumika hivyo tangu afe Okito. "Okito ya telegrafu! Sikio yako iko kubwa kama sahani ya pilau, na moyo yako haijaze hata kifuniko ya chupa!"

Ilikuwa ile ya sikio, aliyoipenda baba. Ndugu mmoja wa Kibombo alisimama kwa hasira. Watu wa mlangoni walisukumana kuingia waone.

Upande wa pili wa ua nilisikia hatua za Mama Odette. Zikaja mpaka kwenye mianzi, zikasimama. Niliona vidole vyake vinapenya kati ya mianzi miwili, vikangoja. Mama akavishika.

"Paaza sauti, Mama Kasimu," alisema Mama Odette. "Sasa Moussa iko mbali kuliko chumba ya magunia."

Mama alivuta pumzi, akapaaza.